Ndege mtoni, visukuku mwambani: Malindi msimu wa kaskazi

Wanaonitembelea Malindi mwezi wa Januari hutaka ndege na visukuku kwa safari moja, tena ufuo mmoja. Mimi ni mwanajiolojia. Jibu langu ni kwamba siku moja yatosha, ufuo mmoja hautoshi. Sababu ni Mto Sabaki.

Sabaki humwaga baharini tope jekundu kutoka bara. Topeni mna minyoo na kaa wadogo tele, ndiyo maana Siberia ikiganda, ndege wanaohama kutoka huko, vitwitwi na chamchanga, hujazana mlangoni mwa mto huu. Matumbawe, ambayo mabaki yake ya kale yaliyogeuka mawe ndiyo visukuku tunavyotafuta, hutaka maji maangavu. Tope likiyafunika, hufa. Wakati wa kusi mkondo huyapeleka maji hayo mekundu kaskazini. Kaskazi likivuma huyarudisha hadi mbele ya mji, na hapo wenye hoteli hununa.

Chagua siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, kwa hiyo kunapopambazuka ndege bado hawajatawanyika. Usihangaike na rangi: msimu huu karibu wote ni kijivu juu na weupe chini. Tazama mdomo na mwendo. Chamchanga mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini ni Calidris ferruginea. Hutoboa tope mfululizo kama sindano ya cherehani, na akiruka utaona weupe juu ya mkia. Kitwitwi hukimbia, husimama ghafla, hutazama, hudonoa, kisha hukimbia tena. Ukirudi Aprili utamkuta yule chamchanga ameanza kuwa mwekundu wa matofali, yu tayari kwenda kutaga kwao.

Maji yakishatoka, mimi huelekea kusini, kwenye mwamba ulio karibu na mnara wa Vasco da Gama. Mawe hayo ni matumbawe ya kale. Sehemu kubwa ya matumbawe ya aina hii katika pwani yetu huhusishwa na kipindi cha miaka takribani 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita 6 hadi 9.

Chaza watakudanganya. Wamejishikiza kwenye jiwe lilelile, kingo zao kali kama wembe, lakini hao ni wa leo. Kisukuku chenyewe kimo ndani ya jiwe: utaona vijitundu vyenye umbo la nyota, na mara nyingi fuwele zinazometa pale maji ya mvua yalipoyeyusha chokaa na kuigandisha upya. La maana zaidi ni tumbawe lililobaki wima, jinsi lilivyoota. Hilo linatuambia bahari ilifika wapi. Kipande kilichovunjika na kubiringishwa na mawimbi hakisemi hivyo.

Nyundo iache nyumbani. Visukuku vinalindwa na sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006, na hata bila sheria, kisukuku kikishang'olewa mahali pake hakinifai kitu kwa kazi ya kupima bahari. Weka sarafu ya shilingi ishirini kando yake, piga picha, andika ulipo, na uondoke mwambani kabla maji hayajaanza kujaa.