Kusoma jenomu na kipimo cha DNA cha mbwa ni vitu viwili

Matangazo ya watoto wa mbwa siku hizi yanapenda kusema "wazazi wamesomwa jenomu, hawana ugonjwa wa kurithi." Ukiomba cheti unaletewa orodha ya magonjwa, na mbele ya kila moja pameandikwa "hana". Hicho ni cheti cha kipimo cha DNA. Jenomu haijasomwa.

Kusoma jenomu ni kupata herufi zote za DNA ya mnyama, kwa mbwa takriban bilioni 2.4, na kuzilinganisha na jenomu ya rejea ili kuona zinatofautiana wapi. Rejea ya mbwa iliyochapishwa mwaka 2005 ilitoka kwa Boxer jike aliyeitwa Tasha.

Kipimo cha kawaida hukagua sehemu chache tu ambazo tayari zinajulikana. Ni kama mlinzi wa getini aliyepewa picha za wezi: ambaye hayumo kwenye picha anapita. Chukua PRA, ugonjwa unaoharibu retina taratibu. Mbwa huanza kujigonga usiku, baadaye hata mchana haoni. Kwa Golden Retriever peke yake zinajulikana jeni tatu zinazouleta: PRCD, SLC4A3 na TTC8. Aliyepimwa PRCD akakutwa salama, usalama wake ni wa PRCD tu. Zile mbili nyingine hakuna aliyeziangalia, achilia mbali ambazo bado hazijagunduliwa.

Jenomu husomwa pale vipimo vya kawaida vinapokosa jibu na dalili zinaelekea kwenye urithi, tuseme watoto wawili wa uzao mmoja wanaanza kuyumba wakiwa na umri uleule. Daktari huchukua damu mililita 2 hadi 5 kwenye chupa ya EDTA, ile ya kifuniko cha zambarau. Pamba ya kufuta ndani ya shavu inatosha kwa kipimo cha kawaida, lakini kwa jenomu inasumbua: hubeba DNA ya bakteria wa mdomoni, na mashine huisoma nayo, kwa gharama yako. Kila sehemu husomwa wastani wa mara 30. Ikisomwa mara tatu au nne tu, mbadiliko (badiliko la herufi za DNA) ulio kwenye nakala moja kati ya mbili za jeni unaweza usionekane kabisa, na kosa la mashine likadhaniwa mbadiliko.

Kinachotoka hapo ni mamilioni ya tofauti, karibu zote hazina madhara. Huchujwa kwa kulinganishwa na jenomu za wanyama wengi wasio na ugonjwa huo. Kwa paka, mradi wa 99 Lives ulioanzishwa na Leslie Lyons wa Chuo Kikuu cha Missouri umekusanya jenomu kwa kazi hiyohiyo. Damu ya wazazi ndiyo inayofupisha orodha kuliko kitu kingine: kwa ugonjwa unaohitaji nakala mbili za mbadiliko, moja kutoka kwa kila mzazi, kwa kawaida kila mzazi asiyeugua huwa na nakala moja, na tofauti isiyofuata mtindo huo inaondolewa. Kuwasahau wazazi ndilo kosa linalorudiwa zaidi, na kuwatafuta baada ya watoto kuuzwa ni shida.

Usomaji nao una upofu wake. Mashine nyingi husoma vipande vya herufi 150 hivi. Lafora, kifafa cha Dachshund wadogo wenye manyoya magumu, hutokana na kipande cha herufi 12 kilichojirudia mara nyingi mno, na vipande vifupi hushindwa kuyahesabu marudio hayo vizuri.

Hata mbadiliko ukipatikana, si lazima ndio unaomuumiza mnyama. German Shepherd mzee anayeburuta miguu ya nyuma, kucha zimelika kwa kusugua sakafu, akiwa na nakala mbili za mbadiliko wa jeni ya SOD1, yuko kwenye hatari ya DM, ugonjwa wa kuoza kwa uti wa mgongo. Mbwa wengi wenye nakala mbili hawaugui maisha yao yote, na miguu hiyohiyo hulegea kwa diski iliyobana neva, ambayo mara nyingi inatibika. DM yenyewe huthibitishwa kwa kuchunguza uti wa mgongo kwa hadubini baada ya kifo. Kwa hiyo badala ya "DNA imethibitisha ana DM", sema "ana nakala mbili za mbadiliko wa SOD1", kisha mpeleke akapigwe MRI.