“Mfumo umekataa” si jibu

Siku hizi ukipiga simu kulalamika kwamba intaneti imepotea, huenda ukatajiwa tatizo lako kabla hujamaliza kulieleza. Waya mmoja wa faiba kutoka kwa mtoa huduma hugawanywa njiani ukahudumia nyumba kama 32 au 64, na kisanduku kilicho ukutani kwako huwasiliana na mtambo mkuu saa zote. Stima ikipotea, visanduku vingi hutumia chembe ya umeme iliyosalia ndani kutuma ujumbe mmoja tu. Wahandisi huuita pumzi ya mwisho. Lakini waya ukikatwa na wachimba barabara, pumzi hiyo haina pa kupitia, na visanduku vya ploti nzima hunyamaza kwa mpigo. Kikinyamaza chako peke yake, anza kwa kuangalia waya uliobanwa nyuma ya kabati.

Zamani dalili hizi zilisomwa na fundi mzoefu. Sasa kampuni zinafunza akili unde (AI) izisome kwa maelfu ya nyumba kwa pamoja, fundi atumwe mitaa ya Nairobi kama Umoja au Pipeline akijua anakwenda kupanda nguzo au kubadilisha kisanduku. Kwenye minara ya simu hali ni hiyo hiyo. Watu wakishapanda matatu za Rongai na Kitengela, mitambo ya katikati ya jiji hubaki ikila umeme bure. Programu hubashiri saa hiyo, ikalaza baadhi ya masafa, yaani mawimbi ya mnara, hadi alfajiri. Hayo yote hayaninyimi usingizi.

Kinachoninyima ni programu inapotoka kwenye waya ikaanza kumpima mtu: laini ya nani ifungwe kwa kushukiwa utapeli, nani apunguziwe kiwango cha mkopo wa simu. Mama mboga hupokea malipo madogo madogo kutwa kutoka nambari asizozijua. Machoni pa programu iliyofunzwa vibaya, anaweza kufanana na tapeli.

Mkakati wa Taifa wa Akili Unde wa Kenya wa 2025 hadi 2030, uliozinduliwa Machi 2025, ni sera. Hauwezi kumrudishia mama huyo laini yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ndiyo yenye meno. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo linalokugusa kwa uzito. Kuna misamaha, kwa mfano uamuzi unaohitajika ili mkataba utekelezwe, au ulioutolea ridhaa. Hata hivyo, kampuni inapaswa kukuarifu kwa maandishi kwamba mashine ndiyo iliyoamua, nawe unaweza kudai uamuzi ufikiriwe upya au ufanywe mwingine usioachiwa mashine pekee.

Hapa ndipo kampuni hujikuna kichwa. Kununua programu ni rahisi. Kuajiri mtu mwenye mamlaka ya kuitengua ni gharama. Ndiyo maana mhudumu hukusomea kwamba “mfumo umekataa”, na mara nyingi hata yeye hajui kwa nini. (Usimfokee, hana ufunguo.)

Muulize jambo moja: je, uamuzi huu umefanywa na mashine peke yake? Kisha iandikie kampuni barua pepe, maana maandishi yana tarehe na simu haina. Taja kifungu cha 35, uombe uamuzi uangaliwe upya na mtu, na uhifadhi nambari ya malalamiko.

Wakikaa kimya, njia ni mbili. Kasi duni na bili zenye utata zipeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano, ukionyesha kwamba ulianza kwa mtoa huduma. Uamuzi wa mashine au matumizi mabaya ya data yako upeleke kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo sheria inaitaka ichunguze na kuhitimisha lalamiko ndani ya siku 90.