AA ni kitu gani hasa, na ilianzaje

Wengi wetu AA tumeiona kwenye muvi tu, watu wamekaa duara, mmoja anataja jina lake la kwanza anasema yeye ni mlevi, wenzake wanamsalimia kwa pamoja. Ndo hivyo kweli, ila hapo umeona nje tu. Kirefu chake ni Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina, na ni vikundi vya watu walioshindwa kuacha pombe kila mtu kivyake wakaamua kushikana mkono. Hamna ada, hamna daktari anayekusimamia, na sharti la kuwa mwanachama ni moja tu, uwe unataka kuacha kunywa.

Ilianzia Marekani. Kulikuwa na jamaa anaitwa Bill Wilson, mtu wa mambo ya hisa huko New York, akili nyingi lakini pombe imeshamla kazi, hela na heshima. Mwishoni mwa 1934 rafiki yake wa zamani wa kulewa, Ebby Thacher, akaja kumtembelea, Bill akamkaribisha jini kama kawaida yao, jamaa akakataa, kumbe kaokoka. Alikuwa kajiunga na Oxford Group, kundi la Kikristo la enzi hizo lililokuwa likihimiza watu kuungama makosa yao na kuwarudia waliowakosea. Desemba hiyo Bill akalazwa, na kuanzia hapo hakugusa pombe tena mpaka anafariki 1971.

Alivyotoka akawa na moto, anawaendea walevi wenzake kuwahubiria, miezi inapita na hakuna hata mmoja anayeacha. Daktari aliyemtibu, William Silkworth, akamwambia punguza mahubiri, waambie kwanza kuhusu huu ugonjwa na ulivyokutesa wewe. Maana Silkworth alikuwa anaamini ulevi ni ugonjwa, wakati watu wengi walikuwa wanaona ni tabia mbovu tu (na huku kwetu bado wapo kibao wanaoona hivyo).

Mei 1935 Bill akaenda Akron, Ohio, kuhangaikia dili la kampuni, dili likabuma. Yupo hotelini, mfukoni hali mbaya, upande mmoja wa ukumbi kuna baa na vicheko vinasikika, upande mwingine simu na orodha ya makanisa ya mji. Akaenda kwenye simu. Akapiga huku na huku akitafuta mlevi yeyote wa kuongea naye, mwisho akaunganishwa na Dk. Bob Smith, daktari wa upasuaji ambaye alishajaribu kila njia ya kuacha na kushindwa. Bob alikuja na hangova ya pombe ya jana yake, kasema anatoa dakika 15 tu. Wakakaa zaidi ya saa sita. Kilichomkalisha ni kwamba mtu aliyekuwa mbele yake hakuwa anamsema, alikuwa anasimulia ya kwake, na Bill naye hakuja kumwokoa Bob, alikuja kwa sababu asipoongea na mlevi mwenzie siku ile atakunywa. Kitu chote kimesimama juu ya hapo, mengine ni nyongeza.

Na Bob aliteleza mara moja baada ya hapo, alienda mkutano wa madaktari akarudi kalewa chakari, ana operesheni ya kufanya na mikono inatetemeka, Bill akampa bia moja ya kuzimua ili mikono itulie. Ilikuwa Juni 10, 1935. Hiyo bia ndo ilikuwa ya mwisho, na AA wanaihesabu tarehe hiyo kama siku yao ya kuzaliwa.

Kitabu chao chenye zile hatua 12 kilitoka 1939. Hatua zenyewe kwa kifupi ni kukubali pombe imekushinda, kumkabidhi maisha yako Mungu vile unavyomwelewa wewe, kuorodhesha uliowakosea na kwenda kurekebisha pale ambapo hutawaumiza zaidi. Hayo maneno ya Mungu unavyomwelewa wewe yalisaidia sana, yakafungua mlango hata kwa wasio Wakristo na wasioamini chochote.

Kwa mtazamo wangu lakini kilichoifanya idumu ni mambo ya hela na vyeo. Miaka kama 100 kabla ya AA, 1840, walevi sita wa Baltimore walianzisha chama chao cha kuacha pombe, Washingtonians, kikalipuka nchi nzima, ila kikajiingiza kwenye siasa na mabishano ya nje, miaka michache tu kikaisha. AA nao walimwendea tajiri Rockefeller wakitegemea mamilioni, akatoa dola 5,000 akaona hela nyingi zitawaharibu. Baadaye wakaweka utaratibu wao rasmi: hawaungi mkono chama wala sera yoyote, hawapokei misaada ya nje, hakuna kiongozi wa kuamrisha, na mwanachama hajitangazi jina kwenye vyombo vya habari. Kikao kinajilipia kwa kupitisha kofia, anayeweza anatia, kama kikoba kisicho na mkopo.

Leo wanachama ni kama milioni 2 duniani. Mfumo wa hatua 12 ukachukuliwa pia na Narcotics Anonymous, ya watu wa madawa, ilioanza California 1953, na ndio huo huo utakaoukuta kwenye soba hausi za Zanzibar (nyumba za watu wanaoacha madawa), ambako anayekupokea siku ya kwanza ukiwa na arosto, yale mateso ya mwili kukosa madawa, mara nyingi ni mtu aliyewahi kulala kitanda hicho hicho.