Umelipia majaribio kumi. Umeyapitia mangapi?

Juzi nimeulizwa tena, na safari hii aliyeuliza alikuwa keshalipa. “Mwalimu, nimenunua kifurushi cha majaribio kumi ya GRE. Nikiyamaliza yote nitapanda pointi ngapi?” GRE ni mtihani wa kuombea masomo ya uzamili, na majaribio ni mitihani ya kujipima kabla yake. Yeye nilimjibu kwa upole. Hapa kwenye blogu yangu sidaiwi upole: sifuri. Kumaliza majaribio hakumpandishi mtu alama, kama ambavyo kujipima joto mara kumi kwa siku hakushushi homa.

Swali hili huja limevaa nguo tofauti. Majaribio ya nani ni mazuri? Mangapi yanatosha? Ya kulipia si lazima yawe bora kuliko ya bure? Ukiyavua nguo yote unakuta imani ileile, kwamba jaribio ni dozi: kidonge kimoja kila Jumamosi asubuhi, na baada ya wiki kumi umepona hesabu.

Kabla hamjaanza kunitumia tafiti, ule wa wanasaikolojia Roediger na Karpicke wa mwaka 2006 naujua, na naupenda. Wanafunzi walisoma vifungu vifupi. Wengine wakavirudia kuvisoma, wengine wakajitahini kwa kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya siku 2, na hata baada ya wiki, waliojitahini ndio waliokumbuka zaidi. Sina ubishi. Lakini tazama kilichopimwa ni nini: kukumbuka kifungu kilekile walichokisoma. GRE haikuletei kifungu ulichokisoma jana. Kwa msamiati, naam, jitahini kila siku, ila kwa kazi hiyo kadi za karatasi zinatosha, kadi ya benki iache mfukoni.

Majaribio rasmi nayapita mbio kwa sababu hayana utata mkubwa. ETS, wenye GRE yao, wanatoa mawili bure kwa jina la POWERPREP na mengine matatu ya kulipia. Kwa GMAT, mtihani wa wanaoomba vyuo vya biashara, mawili ni ya bure na manne ni ya kulipia. Anza na ya bure. Ya kulipia ya wenyewe yana thamani: unapata maswali yaliyopikwa jiko lilelile, maelezo ya majibu, na kwa GRE insha yako inapewa alama na mashine. Ukilinganisha na ada ya kurudia mtihani wenyewe, gharama yake inavumilika.

Ila angalia umri wa unachouziwa. Tangu Septemba 2023 GRE ni ya saa 1 na dakika 58, yenye insha moja. Ukifungua jaribio ukakuta karibu saa nne na insha mbili, umeuziwa maiti. GMAT nayo ilibadilika mwaka huohuo wa 2023: insha ikaondoka, jiometri ikaondoka, na yale maswali ya kusahihisha sentensi yakaondoka. Bado nakutana na watu wanakesha kwenye pembetatu.

Sasa tuje kwenye namba, maana hapa ndipo presha yangu inapopanda. Mtu ananiandikia: jaribio la kwanza 316, la pili 319, la tatu 315. Anataka tutafute la tatu aliharibu wapi. Hajaharibu popote. Kila sehemu ya GRE, ya lugha na ya hesabu, ina alama kuanzia 130 hadi 170, na ETS wenyewe huchapisha kosa la upimaji la kila sehemu, ambalo ni pointi 2 na ushei. Yaani mtu yuleyule, mwenye uwezo uleule, akikaa leo na akikaa kesho, alama inacheza bila yeye kujifunza wala kusahau chochote. Jumlisha sehemu mbili, kisha linganisha majaribio mawili ambayo kila moja limekuja na kosa lake, na tofauti ya pointi 4 inakuwa jambo la kawaida kabisa. GMAT inaanzia 205 hadi 805, na kosa lake hutajwa kuwa pointi 30 hadi 40. Halafu mtu anakuja kushangilia pointi 20! Nimekuwa nikiharibu sherehe za watu kwa miaka sasa.

Na hayo ni ya wenye mtihani. Kampuni ya nje, yaani isiyo ya wenye mtihani, inapokupa 316, hiyo 316 imetoka wapi? Huwa nauliza, na huwa naangaliwa tu. Wenye mtihani huyajaribu maswali yao kwa watahiniwa halisi kabla ya kuyahesabia alama, kwa hiyo ugumu wa kila swali wanaujua kwa kupima, si kwa kuhisi. Kisha kwenye GRE, ulivyofanya sehemu ya kwanza ya hesabu ndivyo inavyoamuliwa ya pili itakuwa ngumu au laini, na alama ya mwisho inalizingatia hilo. Kampuni ya nje haina watahiniwa hao. Ina wateja. Inatengeneza jedwali lake la kugeuza majibu sahihi kuwa alama, kwa kukadiria, na mkadiriaji ana tumbo. Jaribio la kwanza likikaza, utaogopa na kununua kozi. La mwisho likilegea, utajiona umepaa, na ushuhuda utauandika mwenyewe kwa furaha. Sisemi wanafanya hivyo kwa makusudi. Nasema hakuna kinachowazuia, na wewe uliye upande wa pili wa skrini huna pa kuligundua hilo.

Mimi mwenyewe nililiwa. Nilipoanza kazi hii nilikuwa nawapa wanafunzi majaribio ya kampuni moja, nisiitaje, kwa sababu yalikuwa magumu na mimi niliamini ugumu ndio ubora. Mwanafunzi mmoja alishuka hesabu jaribio baada ya jaribio, akavunjika moyo, akaahirisha maombi ya shahada ya uzamili kwa mwaka mzima. Jaribio rasmi la bure tulikuwa tumelitunza kwa ajili ya mwisho, kama vyombo vya wageni. Alipolifanya, alama ilitosha chuo alichokitaka, na kwa ninavyomjua ilikuwa inatosha tangu mwanzo. Ule mwaka ananidai mpaka leo.

Ugumu wenyewe una aina mbili, na hii nataka niikalie. Maswali haya nimeyatunga mimi. La kwanza: Kiasi A ni asilimia 37 ya 48, Kiasi B ni asilimia 48 ya 37, kipi kikubwa? Aliyeiva hagusi kalamu. Pande zote ni 37 mara 48 gawanya kwa 100, vinalingana, twende. La pili: Kiasi A ni asilimia 37 ya 48, Kiasi B ni asilimia 53 ya 33. Hapa unafungua kikokotoo cha kwenye skrini, unapata 17.76 na 17.49, unajibu A. Kwa mtu asiyejua, maswali haya ni mapacha, na la pili linaonekana la kiume zaidi kwa sababu linachukua muda. Lakini la pili linapima vidole, la kwanza linapima jicho. Maswali ya kuiga yamejaa vidole, kwa sababu swali la vidole hutungwa kwa dakika moja na la jicho linaweza kumla mtungaji siku nzima. Ukifanya majaribio kumi ya vidole utajizoeza kukimbilia kikokotoo, halafu siku ya mtihani utakimbilia kikokotoo mahali palipohitaji utulie na utazame.

Upande wa lugha ni balaa zaidi. Kwenye swali zuri la kujaza pengo, neno linalokupa jibu limo ndani ya sentensi yenyewe, unaweza kuliwekea kidole. Kwenye maswali mengi ya kuiga unakuta majibu mawili yote yanakaa, na maelezo uliyoyalipia yanasema C “linafaa zaidi”. Linafaa zaidi kwa nani? Majaribio ya lugha ya kampuni za nje siku hizi siyagusi kabisa, na wanafunzi wangu nawakataza.

Tuseme basi umepata jaribio zuri. Kazi yake inaanza likishaisha. Mwaka jana alinijia mwanafunzi na majaribio manne na daftari la makosa, safi, lenye rangi. Pembeni ya kila kosa la hesabu ameandika neno moja: uzembe. Tukafungua mojawapo. x² = 9; Kiasi A ni x, Kiasi B ni 3. Yeye alijibu vinalingana. Maelezo yalisema, kwa usahihi kabisa, kwamba x inaweza kuwa -3, kwa hiyo haiwezekani kuamua. Alisoma, akakubali, akaandika uzembe, akafunua ukurasa. Kwenye jaribio la pili kulikuwa na y ndogo kuliko 10, akajaribu 1, 2 na 5 peke yake. La tatu, ab kubwa kuliko sifuri, akachukulia kwamba a na b zote ni chanya. La nne, vilevile kwa sura nyingine.

Uzembe uko wapi hapo? Huyu kwake neno “namba” maana yake ni namba chanya. Ni kosa moja, amelilipia mara nne, na maelezo ya swali moja hayawezi kumwambia hivyo kwa sababu hayajui alichofanya Jumamosi iliyopita. Tukafuta neno uzembe, tukaandika maswali matatu juu ya ukurasa: ikiwa hasi je, ikiwa sifuri je, ikiwa sehemu ya moja je. Wiki mbili hakufanya jaribio lolote. Kwa hesabu yangu, jaribio la saa 2 linataka saa 5 za kulipitia, pamoja na yale uliyopata kwa kubahatisha, ambayo uyawekee alama palepale unapobahatisha, maana ukishaona tiki ya kijani utajiapiza kwamba ulijua.

Sasa nikiri shimo la hoja yangu. Wanafunzi wangu waliofanya majaribio mengi mara nyingi ndio wanaoishia na alama nzuri. Lakini hao ndio walewale walioamka alfajiri, waliokuwa na muda, waliokuwa na hela, na ambao huenda wangefika hata bila hayo majaribio. Sina kundi la kulinganisha. Wenye kuuza nao katika ushuhuda wao hawalileti. Na kuna kitu ambacho nilikikataa kwa muda mrefu nikashindwa: watu wa hofu. Kuna anayezijua mada zote lakini akiona saa inarudi nyuma anaganda, na huyo jaribio la saba humsaidia kwa namna ambayo daftari la makosa haliwezi. Anajifunza kuliacha swali. Kwake hata jaribio la hovyo linafaa, mradi ile namba ya mwisho asiione. Huwa nawaambia wamwachie mwenzao aifungue na aifiche.

Yule wa majaribio kumi nilimwambia ayatumie kama ghala la maswali ya hesabu, kumi kumi, bila saa, na upande wa lugha aufunge. Jaribio rasmi la kwanza la bure alifanye sasa, la pili alitunze mpaka wiki mbili kabla ya mtihani. Akauliza kama anaweza kurudishiwa hela. Masharti yanasema ndiyo, ndani ya siku saba, iwapo hajafungua hata moja. Alikuwa keshafungua mawili. La kwanza limempa 309 na la pili, siku nne baadaye, 321. Sasa ananiuliza aamini lipi.