Kisichoonyeshwa katika makumbusho ya majonzi

Mwaka 2017 Makumbusho ya Kumbukumbu ya Amani ya Hiroshima yaliondoa sanamu za watu waliokuwa wakitembea huku ngozi ikiwaning'inia baada ya bomu la 6 Agosti 1945. Wapo waliolalamika kwamba ukweli unafunikwa. Lakini baadhi ya manusura walikuwa wakisema hali halisi ilikuwa mbaya kuliko sanamu zile. Jengo kuu lilipofunguliwa upya mwaka 2019, uzito ulikuwa kwenye mali za marehemu wenyewe, ikiwemo baiskeli ya magurudumu matatu. Mwenye nayo hakuwa ametimiza hata miaka 4. Baba yake alimzika nayo bustanini, na miaka 40 baadaye, alipoifukua mifupa ili aihamishie makaburini, baiskeli akaikabidhi kwa makumbusho.

Sisi tunaopanga maonyesho ya namna hii huulizwa tutaonyesha nini. Mimi naona kazi yenyewe iko upande wa pili: tuache nini, na mgeni akutane na nini kwanza. Ukimpokea mlangoni kwa maiti, atashtuka, atageuza uso, na hatajua nani amepotea.

Kwenye kumbukumbu ya Gisozi, Kigali, iliyofunguliwa 2004, wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Hiyo ni idadi, na idadi haililiwi. Lakini ukishapita historia ya mauaji ya kimbari ya 1994 unafika chumba cha watoto. Picha kubwa, na chini yake kibao kidogo: jina, umri, chakula alichokipenda, rafiki yake, kisha alivyouawa. Mstari huo wa mwisho ni mfupi sana. Kinachomkaba mgeni koo ni kile chakula.

Makumbusho ya Holokosti (mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi) ya Washington, yaliyofunguliwa 1993, yalipata nywele za wanawake waliouawa katika kambi ya Auschwitz. Katika kamati walikuwemo manusura waliopinga zionyeshwe: huenda ni za mama zao. Ikawekwa picha ya nywele, si nywele. Humo humo, video za kutisha zimezungushiwa ukuta mfupi; mtu mzima anachungulia akitaka, mtoto haoni.

Kuna pia suala la jicho. Picha za wafungwa wa Tuol Sleng, gereza la mateso la utawala wa Khmer Rouge huko Phnom Penh, Kambodia, zilipigwa na watumishi wa gereza lenyewe. Ukisimama mbele yake umesimama pale alipokuwa mpiga picha wa muuaji. Onyesho lisilomwambia mgeni hilo linamwazima macho ya mtesaji bila yeye kujua.

Hata sarufi inashiriki. "Watu waliuawa" ni sentensi safi ya Kiswahili, na ndani yake muuaji hayumo kabisa. Ninapohariri maandishi ya ukutani nazisaka kauli za kutendwa na kuuliza kila moja: na nani? Jibu likijulikana, liandikwe. (Wenzangu wananichoka kwa hili.)

Ninachokipigania hadi mwisho kwenye michoro, na ambacho hukatwa kwanza bajeti ikibana, ni benchi. Liwekwe baada ya chumba kizito kuliko vyote, bila maandishi mbele yake, karibu na dirisha. Kuna wageni ambao hukaa hapo muda mrefu kuliko waliokaa mbele ya kabati lolote la vioo.