Niite kabla plasta haijapigwa

Simu nyingi za alamu hunijia rangi ikiwa imeshakauka. Nyumba imependeza, dari imefungwa, ndipo mwenye nyumba anawakumbuka wezi. Hapo hubaki mawili: nitindue ukuta mpya, au nifunge vihisi vya betri visivyotumia waya. Vya betri vinafanya kazi, sina ugomvi navyo, ila kila baada ya muda lazima mtu apande ngazi kubadilisha betri, na aghalabu hapandi.

Ukikarabati, niite siku fundi umeme bado anachimba mifereji ya paipu zake. Vifaa visikusumbue mapema. Kihisi utakibadilisha hata mwakani. Waya uliofukiwa ndio huo huo.

Paneli, yaani sanduku kuu linalopokea ishara za vihisi vyote, ikae ndani kabisa, kwenye kabati lisiloonekana mlangoni, na kila kihisi kiwe na waya wake mzima usiounganishwa popote mpaka hapo. Wapo mafundi wanaorukisha waya chumba hadi chumba kuokoa mita chache. Siku ya hitilafu paneli inakuonyesha zoni ya 3, yaani njia moja ya waya inayoisoma, na zoni ya 3 ni vyumba vinne. Mimi hupitisha waya wa nyuzi sita: kihisi cha mwendo kinakula mbili za volti 12, mbili za ishara, mbili za kutoa taarifa mtu akikifungua. Sumaku ya mlango inataka mbili tu, zinazobaki ni akiba.

Kihisi cha mwendo hukaa pembeni mwa chumba, mita 2.1 hadi 2.4 kutoka sakafuni, kisitazame dirisha lenye jua. Kipange ili mwizi akatize mbele yake, kwani anayekijia moja kwa moja hukishtua kwa shida zaidi.

Sasa rezista, kijipande kinachokinza umeme kwa kiasi maalumu, maana hapa ndipo wengi wanapodanganywa. Mlango ukifungwa, sumaku inaunganisha njia na umeme unapita. Ukifunguliwa, njia inakatika na king'ora kinalia. Je, mtu akizichuna nyuzi mbili katikati ya safari na kuzigusanisha? Njia imefungika daima, mlango ufunguliwe usifunguliwe. Ndiyo sababu tunaweka rezista ndani ya kihisi, mwisho kabisa wa waya. Paneli ikisoma thamani ya rezista hiyo, kuko salama. Ikikuta njia imekatika, au ukinzani umeshuka hadi karibu na sifuri, inajua kuna jambo. Fundi mvivu huifunga kwenye skrubu za paneli, maana hapandi ngazi. Taa zinawaka kijani vile vile, lakini nyuzi zikigusanishwa popote ukutani, paneli haijui. Fungua paneli yako utazame. Rezista za zoni zisizotumika ni halali kuwa mle. Za zoni zenye vihisi, muulize aliyekufungia.

Nyaya za alamu zisilale bega kwa bega na za umeme mkubwa. Mimi huacha sentimita 30, na zikilazimika kukutana zikatizane kama msalaba.

King'ora cha nje nacho kina hesabu yake. Waya wa milimita za mraba 0.22 ukienda mita 30, king'ora kinachovuta nusu ampea kinapoteza njiani zaidi ya volti 2. Kitalia, lakini kwa sauti ya mgonjwa. Unganisha nyuzi mbili mbili zifanye kazi ya moja, au nunua waya mnene.

Kabla mwashi hajagusa mwiko, napima kila waya kwa kipima-umeme, naandika lebo ncha zote mbili, kisha napiga picha kila ukuta huku futikamba imetandazwa kutoka pembeni. Wateja hunicheka. Nyumba moja, miezi kadhaa baadaye, seremala alikuja kufunga kabati la jikoni, drili mkononi, na mwenye nyumba akanipigia. Nikawatumia picha. Tundu la kwanza alikuwa ameshalichora kwa penseli juu ya waya wa mlango wa nyuma. Wakalisogeza sentimita nne kushoto.