Nunua Choo Kabla ya Kumwaga Zege

Wengi wanaojenga Utawala na Ruai, mitaa ya Nairobi, hununua choo mwisho kabisa, nyumba ikishapakwa rangi. Wakati huo bomba la uchafu la inchi 4 limeshazikwa kwenye zege, mahali fundi alipokisia. Choo kikiletwa, tangi linagoma kuingia, au linakaa mbali na ukuta hadi ngumi inapita nyuma yake.

Choo cha kukaa kinachotoa uchafu kupitia sakafuni aghalabu huhitaji sentimita 30.5, yaani inchi 12, kutoka ukutani hadi katikati ya bomba. Vipo pia vya sentimita 40. Kile kinachotokea nyuma huingia ukutani, katikati ya tundu ikiwa kama sentimita 18 juu ya sakafu. Ndiyo maana sisi wakufunzi wa ufundi bomba tunasisitiza: nunua choo kwanza, au angalau uchague aina na upate vipimo vyake.

Sasa, ukuta gani? Ule uliokwisha, wenye vigae. Hapa hata mafundi wazoefu huteleza. Fundi anapima kutoka kwenye jiwe tupu, kisha inakuja plasta ya sentimita 1.5, halafu gundi na kigae, sentimita 1.5 nyingine. Sentimita 3 zimeliwa! Kwa choo cha 30.5, basi, pima 33.5 kutoka kwenye jiwe. Mawe ya kujengea ya Ndarugo yakipangwa ovyo, plasta huwa nene zaidi, kwa hiyo vuta uzi kwanza. Sakafu nayo hupanda kwa saruji ya kusawazisha na vigae. Hesabu zile 18 kutoka juu ya kigae.

Pembeni acha sentimita 38 kutoka katikati ya choo hadi ukuta, na mbele yake 53 hivi. Kwenye bedsita, yaani vyumba vya kupangisha vyenye choo ndani, nimeona mlango ukigonga magoti ya aliyekaa.

Bomba la kupeleka uchafu nje liiname sentimita 2.5 kwa kila mita. Nairobi ya mgao wa maji, mtu humwaga nusu ndoo tu, na bomba lililolala huziba upesi. Bomba la hewa nalo lipande hadi juu ya paa, la sivyo maji ya mtego, yale yanayobaki kwenye kona ya choo kuzuia harufu, hunyonywa na harufu hurudi ndani.

Kabla ya zege, ziba mwisho wa bomba, lijaze maji, uone kama yanashuka. Kisha laza futi ya kupimia juu yake, upige picha.